Jinsi ya kupanga njia tulivu ya baiskeli kwenye vilima na vijiji vya kale

Maswali hayabadiliki. Nipite wapi ili nisisukumwe pembeni na malori? Mita 800 za kupanda ni nyingi au ni kawaida? Mbona programu ya ramani ilinitoa kwenye lami ikanitupa matopeni? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mpangilio ambao ningeufuata kama tungekuwa tumekaa pamoja, ramani ikiwa mezani.

Mwongozo huu ni wa baiskeli ya barabarani na safari ya siku moja: unatoka asubuhi, unapita vijiji viwili vitatu vya kale, unarudi kabla giza halijaingia. Sitaeleza sana nadharia. Ila jambo moja naomba ulishike tangu mwanzo: utulivu wa njia unaamuliwa mezani, siyo barabarani. Ukishajikuta kwenye barabara ya magari ya mwendo kasi, isiyo na nafasi pembeni, hata uwe hodari vipi utakuwa umechelewa. Saa moja ya kusoma ramani vizuri ndiyo itakayokupa siku nzima ya kusikia ndege na mlio wa mnyororo wako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Baiskeli yenye gia nyepesi. Hesabu meno ya gia ndogo ya mbele na ya gia kubwa kuliko zote ya nyuma. Meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma yanamtosha mtu wa kawaida kwenye vilima vingi. Ukikuta gia kubwa ya nyuma ina meno 25 tu, ongea na fundi akubadilishie kaseti (seti ya gia za nyuma) kabla hujapanga safari ya milima.
- Tairi za upana wa milimita 28 hadi 32, kama fremu na breki zinaruhusu. Barabara ndogo zina viraka, mashimo na kokoto, na tairi nyembamba itakuchosha mikono bure.
- Tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, vijiti vya kutolea tairi, pampu, na seti ndogo ya alenki.
- Chupa mbili za maji na chakula cha kula ukiwa njiani.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa, pawabenki, na karatasi yenye majina ya vijiji kwa mfuatano.
- Taa ya mbele na ya nyuma, hata kama unatembea mchana. Chini ya miti mikubwa, dereva anayetoka kwenye jua kali hakuoni.
- Kofia ngumu, glavu, na koti jepesi la upepo. Utapanda ukitoka jasho, kisha utashuka kwa kasi na jasho lile lile mwilini. Baridi ya hapo inaingia hadi kwenye mifupa.

Hatua kwa hatua

1. Anza na vijiji, usianze na kilomita. Chagua vijiji viwili au vitatu unavyotaka kuviona kwa macho yako, vilivyoachana kilomita 10 hadi 15. Wengi hupanga sita, na wanachokumbuka jioni ni vibao vya majina tu. Kama kimojawapo ni maarufu kwa watalii, kipange kiwe cha kwanza, ufike kabla mabasi hayajaanza kuingia. Kijiji kile kile kinakuwa kingine kabisa saa mbili asubuhi.

2. Soma mahali kijiji kilipokaa. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo itakayokuambia mlima uko wapi.

Vijiji vya kale havikujengwa popote tu. Katika Toscana nchini Italia, au Luberon kusini mwa Ufaransa, vingi viko juu ya kilima kwa ajili ya ulinzi: San Gimignano na Gordes ni mifano inayojulikana. Maana yake kwako ni kwamba mlima unakusubiri mwishoni, wakati wa kuingia, na mara nyingi kipande cha mwisho ndicho kikali zaidi. Wanaofuatilia mashindano ya baiskeli ya Strade Bianche wanaijua vizuri hali hii. Mbio hizo zimekuwa zikimalizikia Siena tangu zilipoanza mwaka 2007, na kabla ya kufika uwanja wa Piazza del Campo waendeshaji hupanda mtaa wa Via Santa Caterina, wenye mawe yaliyopangwa na mwinuko unaofika asilimia 16.

Nenda Cotswolds nchini Uingereza uone kinyume chake. Bibury uko kando ya mto Coln, na Castle Combe umejificha bondeni karibu na kijito. Huko unaingia kijijini kwa kuteleza tu, unapumzika, miguu inapoa, halafu unaanza kupanda mara tu unapoondoka. Ukilijua hilo mapema utaanza na gia nyepesi, na hutajaza tumbo kupita kiasi kabla ya kutoka.

Angalia pia barabara zenyewe zinavyolalia ardhi. Barabara inayofuata mgongo wa kilima inakutoza mlima mmoja wa kufika juu, kisha inakuacha huko na upepo na mandhari. Inayofuata bonde ni tambarare, lakini ndiko magari yalikojaa, kwa sababu wajenzi wa barabara kuu nao walipenda tambarare. Inayokata migongo na mabonde kwa zamu ndiyo inayomaliza watu: mita 60 juu, mita 60 chini, tena na tena, na hakuna mlima hata mmoja mkubwa wa kuulaumu. Kwa safari ya kwanza, panda mgongo mmoja, ufuate, kisha ushuke.

3. Tafuta barabara ambayo dereva hana sababu ya kuipita. Udogo wa barabara peke yake hautoshi. Jiulize: mtu wa gari anayetoka mji huu kwenda ule atapita hapa? Kama kuna barabara nyingine pana na ya haraka kati ya miji hiyo, hatapita. Hazina yako iko hapo, hasa pale barabara mpya ilipojengwa pembeni na ya zamani ikaachiwa vijiji. Kwenye ramani utaziona mbili zikienda sambamba, moja imenyooka, nyingine imejipinda na kupita kila kijiji.

Daraja la barabara husaidia kuchuja. Uingereza, epuka zenye herufi A, tumia za B kwa vipande vifupi tu, na ujenge njia yako kwa zile zisizo na namba yoyote kwenye ramani. Ufaransa, zile za herufi D zenye namba ya tarakimu nyingi mara nyingi ni ndogo kuliko zenye tarakimu moja au mbili, lakini siyo zote. Ramani za OpenStreetMap, zilizoanzishwa mwaka 2004 na ambazo huchorwa na watu wa kujitolea, zinaonyesha tofauti hizo kwa rangi na unene wa mstari, na programu nyingi za kupanga njia zinazitegemea.

Usidanganyike na umri wa barabara. Fosse Way ilijengwa na Warumi, inapita katikati ya Cotswolds, na sehemu yake kubwa huko leo ni barabara ya A429 yenye magari mengi ya kasi. Warumi walinyoosha, na madereva wanapenda kilichonyooka.

4. Pima milima kwa mkono wako mwenyewe. Asilimia 8 maana yake ni hivi: kwa kila mita 100 unazosonga mbele, unapanda mita 8. Basi.

Tufanye mfano. Una ramani ya skeli 1:50 000, yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu za urefu sawa) kila mita 10. Sentimita 2 kwenye ramani ni kilomita moja. Barabara yako inakata kontua 8 ndani ya sentimita hizo 2: umepanda mita 80 katika mita 1,000, yaani asilimia 8. Kontua hizo hizo 8 zikibanana ndani ya sentimita moja, mwinuko umekuwa asilimia 16, na mtu mpya atashuka na kusukuma baiskeli. Fanya zoezi hili kwenye milima mitatu ya njia yako na jicho litazoea. Baada ya hapo utakuwa unaona ukali wa mlima kwa kutazama tu.

Ramani zingine hukurahisishia kwa vishale juu ya barabara. Kwenye ramani za Ordnance Survey za Uingereza, kishale kimoja ni asilimia 14 hadi 20, viwili ni zaidi ya 20. Za Michelin huanza mapema: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13. Na kuna mtego: vishale vya Ordnance Survey vinaelekea chini, vya Michelin vinaelekea juu. Soma ufunguo wa ramani kila unapobadilisha nchi.

Kujua ugumu wa njia nzima, gawanya jumla ya mita za kupanda kwa jumla ya kilomita. Ukipata chini ya 8, njia ni laini. Kati ya 10 na 15, hivyo ni vilima kweli. Ikizidi 20, hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea. Kwa mara ya kwanza mimi ningekupa kilomita 35 hadi 45 na mita zisizozidi 500.

*Tahadhari:* wastani huficha mambo. Mlima wa kilomita 5 wenye wastani wa asilimia 5 unaweza kuwa na tambarare katikati na nusu kilomita ya asilimia 12 mwishoni. Fungua mchoro wa mwinuko, uvute kipande kwa kipande.

5. Kagua viungio. Njia nyingi nzuri huharibiwa na mita 600 tu. Unakuja kwenye barabara ndogo tulivu, unafika barabara kuu, na ile ndogo nyingine unayoitaka haiko ng'ambo moja kwa moja. Iko mita 600 kushoto. Kwenye skrini ya simu hilo halionekani kabisa. Barabarani unalazimika kuingia katikati ya magari ya kasi, kisha ukate mbele yao kutoka.

Kwa hiyo vuta ramani hadi uone kila makutano na barabara kuu, uyahesabu, na uone kila moja unaivuka vipi. Kuvuka moja kwa moja ukiwa unaona pande zote mbili ni sawa. Kuingia, kusafiri juu yake na kutoka kwa kukata magari ni kasoro: ikwepe, hata kama itakugharimu kilomita 4 za kuzunguka. Reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli ni kiungo bora: treni hazikuweza kupanda ukali, kwa hiyo mwinuko wake mara chache unazidi asilimia 3.

6. Iangalie kwa picha kabla ya kuiamini. Fungua picha za barabarani, Street View au Mapillary, uweke jicho kwenye sehemu tano sita za njia. Tafuta mstari mweupe wa katikati. Ukiukosa, barabara ni nyembamba na magari ni machache. Ukiuona pamoja na alama za kona kali na vyuma vya kukinga, tarajia kasi. Majani yaliyoota katikati ya lami ni habari njema kwa utulivu na mbaya kwa tairi, maana hapo mashine haijapita kufagia kwa muda mrefu. Geti la shamba lenye alama za matope ya trekta likutahadharishe: mvua ikinyesha, hapo patateleza.

Kama picha hakuna, tumia setilaiti. Lami huonekana ya kijivu yenye kingo safi, na changarawe huwa nyeupe au ya udongo, yenye kingo zilizopauka. Changarawe siyo adui siku zote. Barabara nyeupe za Toscana ndizo zilizofanya watu waanzishe tukio la baiskeli la L'Eroica huko Gaiole in Chianti mwaka 1997, kwa baiskeli za zamani, na mapenzi hayo yamesaidia barabara hizo zithaminiwe badala ya kumwagiwa lami zote. Lakini uzichague mwenyewe, zisikushtukize.

7. Amua upande wa kuzungukia, na saa ya kutoka. Njia ya mduara unaweza kuizunguka pande mbili, na siku mbili hizo hazifanani. Kanuni yangu: panda upande mkali na mwembamba, shuka upande mpana na wa wazi. Watu wapya hutaka kinyume, wapande polepole upande laini. Naelewa. Ila kwenye mlima mkali hatari kubwa inayokupata ni kusimama ukasukuma baiskeli, wakati kwenye mteremko mkali, mwembamba, wenye kona zisizoona mbele, hatari ni trekta.

Weka mlima mkubwa ndani ya nusu ya kwanza. Anza ukikabili upepo ili ukusukume wakati wa kurudi. Acha pia mahali pawili pa kukatisha njia kurudi mwanzo ikiwa mvua au uchovu vitakuzidi.

Kuhusu saa: Jumapili asubuhi ni dhahabu. Siku za kazi, epuka muda wa watu kwenda na kutoka kazini na shuleni, kwa sababu madereva wenye haraka hugeuza barabara ndogo kuwa njia za mkato. Msimu wa mavuno mashine hujaza barabara kingo hadi kingo.

Kukadiria muda, chukua mwendo wako wa tambarare kisha uongeze dakika 6 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita 50 kwa kilomita 20 kwa saa ni saa mbili na nusu. Mita 750 za kupanda zinaongeza dakika 45. Jumla saa tatu na robo za kukanyaga, halafu ongeza muda wa vijijini, na uwe mkarimu hapo, maana ndiyo sababu umekuja.

8. Hifadhi njia, usitegemee mtandao. Toa faili la GPX (faili linalobeba mstari wa njia yako), uliweke kwenye simu au kompyuta ya baiskeli, na upakue ramani ya eneo zima. Mabondeni mtandao hupotea. Fungua faili ukiwa nyumbani, simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni: njia ikionekana, iko salama. Hali hiyo hiyo itakutunzia chaji njiani.

9. Andaa baiskeli jana yake. Breki kwanza: vuta kila moja, lever (mkono wa breki) isiguse usukani, na pedi ziwe na unene wa kutosha. Kisha pandisha mnyororo hadi gia nyepesi kuliko zote ya nyuma na uone kama inaingia bila kusita. Gia hiyo ukiikosa ukiwa asilimia 12, safari imeharibika.

Upepo wa tairi usiujaze hadi mwisho wa namba iliyoandikwa ubavuni. Namba hiyo ni kikomo. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 32 anaweza kuanzia karibu baa 4 (psi 58), nyuma ikizidi mbele kidogo, kisha ajaribu.

10. Wakati wa kupanda. Badilisha gia kabla mlima haujakubana, ukiwa bado unazungusha kwa wepesi. Lenga mizunguko 70 au zaidi kwa dakika. Ikishuka chini ya 60 kwa muda mrefu, magoti ndiyo yanayolipa. Kaa kwenye kiti, mabega yalegee, pumzi iwe ile inayokuruhusu kusema sentensi fupi. Ukishindwa kuisema katika robo ya kwanza ya mlima, unaenda kasi mno.

Maji kiasi cha nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto. Kula kabla ya njaa, hasa safari ikipita saa mbili. Mtu anayesubiri njaa milimani huwa amechelewa.

Na kusukuma baiskeli siyo aibu hata kidogo. Shuka mahali unapoonekana, siyo kwenye kona.

11. Wakati wa kushuka. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo watu wanapoumia.

Shika usukani sehemu ya chini, vidole viwili juu ya breki. Punguza mwendo wakati baiskeli imenyooka, kabla ya kona, ili ndani ya kona usilazimike kuvuta breki kwa nguvu. Macho yaangalie unakotaka kutokea, siyo lami iliyo mbele ya gurudumu. Mguu wa nje wa kona uwe chini, uzito juu yake. Kipimo cha mwendo ni kimoja: uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Ua mrefu wa miti ukikuonyesha mita 15 tu, nenda mwendo wa mita 15.

Usibane breki mfululizo mteremko mzima. Vuta kwa nguvu, achia, acha zipoe, vuta tena. Breki zinazobana rimu hupasha rimu moto, na kwenye mteremko mrefu joto hilo linaweza kupasua tyubu.

Mambo ya kuyatazama: kokoto zilizosombwa hadi upande wa ndani wa kona, majani mabichi na kuvu chini ya miti hata siku ya jua, vifuniko vya chuma vilivyolowa, na vyuma vya kuzuia mifugo vilivyolazwa kukata barabara. Hivi vya mwisho vivuke ukiwa umenyooka kabisa, bila breki, bila kukata kona. Ukimkuta mtu juu ya farasi, punguza mwendo na uongee ukiwa bado mbali. Farasi akisikia sauti ya binadamu hutulia. Akishtushwa na kitu kimya kinachotokea nyuma yake, anaweza kumwangusha aliyempanda.

12. Ndani ya kijiji. Mwendo wa mtu anayetembea. Milango ya nyumba za kale hufungukia barabarani, na mtoto anaweza kutoka bila kuangalia. Juu ya mawe yaliyopangwa, tumia gia nzito kidogo, inuka kidogo kwenye kiti, acha baiskeli icheze chini yako. Yakiwa yamelowa, shuka utembee. Usiegemeze baiskeli kwenye ukuta wa zamani au dirisha la mtu, na geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Maji ya bombani au chemchemi yajaze tu pale hakuna kibao kinachokataza: kwa Kifaransa ni "eau non potable", kwa Kiitaliano "acqua non potabile".

*Tahadhari kwa wanaobadilisha upande wa barabara:* ukiwa nchi ambayo magari hupita upande usiouzoea, hutakosea ukiwa katikati ya magari. Utakosea baada ya kupumzika, unapotoka kijijini kwenye barabara tupu. Funga kipande cha utepe kwenye usukani upande unaotakiwa kukaa.

Ukikwama

*Programu inang'ang'ania barabara kuu.* Hakikisha umechagua baiskeli, siyo gari. Kisha weka pointi za lazima kwenye ile barabara ndogo unayoitaka, moja kila baada ya kilomita chache. Ukiona bado inakataa, kunaweza kuwa na sababu: barabara ya mtu binafsi, au daraja lililokatwa. Rudi hatua ya 6.

*Programu mbili zinatofautiana mita 200 za kupanda.* Ni kawaida. Kila moja hutumia data yake ya urefu wa ardhi na njia yake ya kulainisha mabonde madogo. Barabara inayopita kando ya mlima mkali, juu ya daraja au ndani ya handaki huzidanganya zaidi. Panga kwa namba kubwa, na utumie programu ile ile kulinganisha njia zako.

*Barabara imefungwa au imekuwa matope.* Kama kipande kibovu hakizidi kilomita moja na unakiona mwisho wake, tembea. Vinginevyo rudi hadi makutano ya mwisho. Usikate kupitia shamba la mtu.

*Mnyororo umetoka.* Umebadilisha gia ukiwa unakanyaga kwa nguvu zote. Sogea pembeni, uurudishe kwa mkono, na siku nyingine legeza mguu kwa nusu mzunguko unapobadilisha. Ukitoka kila mara upande ule ule, ni skrubu za kikomo, mpelekee fundi.

*Magoti yanauma mbele.* Mara nyingi kiti kiko chini au gia ni nzito. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Pandisha kiti kidogo kidogo, milimita chache kwa mara.

*Breki zinanuka au lever inazama.* Simama mara moja, usiguse rimu wala diski, subiri zipoe. Ukianza tena shuka kwa vipande vifupi. Lever ikiendelea kuzama, tembea hadi chini.

*Nguvu zimeisha ghafla.* Kaa kivulini, kula kitu chenye sukari, kunywa, usubiri dakika 20. Kisha tumia ile njia ya kukatisha uliyoipanga katika hatua ya 7, siyo ile ndefu yenye mandhari.

*Simu imezima.* Toa karatasi yenye majina ya vijiji, ufuate vibao kutoka kimoja hadi kingine. Ukiuliza njia, uliza ya kijiji kinachofuata tu. Watu wa vijijini hujua vizuri barabara ya kufika kwa majirani zao. Ukiwatajia mji wa mbali watakuelekeza barabara kuu.

*Kuna ajali.* Iondoe baiskeli barabarani, mtu apewe joto, na upige namba ya dharura ya nchi uliyopo. Ulaya 112 inafanya kazi nchi zote za Umoja, na Uingereza pia. Utaulizwa uko wapi, kwa hiyo fungua ramani usome jina la kijiji ulichotoka na unachokwenda, na umbali kutoka makutano ya mwisho.

*Mbwa anakuja mbio.* Ukiwa unapanda huwezi kumshinda kwa kasi. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, simama, ongea kwa sauti nzito na ya utulivu, kisha tembea polepole hadi utoke eneo analolilinda.